Mkataba wa hali bora: maswali ya wafagiaji, madereva wa taka na mafundi wa manispaa, Tabora

Maswali mengi hayaulizwi kwenye mkutano wa tawi. Kule watu hunyamaza, hupiga makofi, hunywa soda na kuondoka. Yanaulizwa pale stoo, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, wakati mtu anapekua lundo la gambuti akitafuta la kushoto ambalo halijapasuka. Nimekuwa mwakilishi wa tawi kwa muda wa kutosha kuyajua kwa mpangilio wake. Nimeyaandika hapa ili anayeyauliza kesho ayakute yamejibiwa, nami nipate muda wa kumaliza chai yangu.

Huo mkataba wa hali bora ni kitu gani hasa?

Ni makubaliano ya maandishi kati ya mwajiri, yaani halmashauri ya manispaa, na chama cha wafanyakazi. Kwenye halmashauri zetu chama kinachozungumza mara nyingi ni TALGWU, Chama cha Wafanyakazi wa Serikali za Mitaa Tanzania. Barua yako ya ajira ni yako peke yako. Mkataba huu ni wa kundi zima: anayesukuma toroli Isevya, anayeendesha tipa kwenda dampo, fundi bomba wa majengo ya ofisi, mlinzi wa soko.

Ndani yake hukaa mambo ambayo barua ya ajira haiyagusi au huyagusa kwa juu juu: sare ni jozi ngapi kwa mwaka, nani ananunua glavu, mtu akimaliza kazi usiku anarudishwaje nyumbani, mkono wa rambirambi ni kiasi gani, malalamiko yanapelekwa kwa nani na yajibiwe ndani ya siku ngapi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inataka uwe wa maandishi na usainiwe na pande zote. Unaanza kufunga siku ile saini ya mwisho inapowekwa, isipokuwa wenyewe umetaja tarehe nyingine, na nakala yake hupelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Kwa watumishi wa umma ipo pia Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma, Na. 19 ya 2003. Ahadi iliyotolewa jukwaani Mei Mosi, hata kama aliyeitoa alishangiliwa mpaka uwanja ukatetemeka, haimo katika hayo yote.

Kwa hiyo mshahara utapanda?

Kwa mkataba huu, hapana. Mishahara ya watumishi wa umma hupangwa na Serikali Kuu. Kima cha chini kilipotoka shilingi 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai 2025, tangazo lilitolewa na Rais kwenye sherehe za Mei Mosi kule Singida. Halikutoka kwenye kikao cha madiwani. Mkurugenzi akikwambia mshahara si wake kuuongeza, hapo hakudanganyi. Akikwambia hivyo hivyo kuhusu gambuti, mrudishe mezani.

Basi fedha za mambo yaliyomo kwenye mkataba zinatoka wapi?

Hili ndilo swali ambalo ningependa liulizwe la kwanza, na huwa linaulizwa la mwisho, tena baada ya mambo kuharibika.

Sehemu kubwa hutoka kwenye mapato ya ndani: ushuru wa soko, stendi, leseni za biashara, ada za taka na mengineyo ambayo halmashauri inakusanya yenyewe. Fedha hizo haziwezi kutoka bila kuwa na fungu kwenye bajeti. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini makisio huanza kuandaliwa miezi mingi kabla, na inapofika miezi ya mwanzo ya mwaka tayari madiwani wanayapitisha. Sasa piga hesabu. Mkataba unasainiwa Mei kwa picha na vifijo, vipengele vyake havimo kwenye makisio yaliyokwisha kupita, halafu Agosti unaenda kudai sare. Mweka hazina atakuangalia kwa huruma ya kweli. Hana fungu la kukulipa, na akikulipa kutoka fungu lingine anajitafutia hoja ya ukaguzi.

Nimelishuhudia hili kwa macho katika halmashauri moja ya kanda hii, ambayo nitaiacha bila jina. Kipengele kilisema wazi: kila mfanyakazi wa mitaro apewe jozi mbili za gambuti kwa mwaka. Saini zilikuwepo, mhuri ulikuwepo. Mwaka ukapita zikaja jozi kumi na moja kwa watu karibu arobaini, zote namba tisa. Akina mama wakawa wanajaza matambara mbele ya vidole ili zisiwavuke kwenye tope. Tulipobisha hodi utumishi tukaonyeshwa kitabu cha bajeti: neno gambuti halimo, zile kumi na moja zilipatikana kwa hisani ya idara nyingine. Mkataba ulikuwa sahihi kila herufi. Sisi ndio tulikuwa tumeusaini baada ya basi kuondoka.

Tangu hapo msimamo wangu ni mmoja, na wenzangu wananicheka kwa kuurudia: kila kipengele chenye gharama kipelekwe mezani kikiwa na bei yake, na majadiliano yaanze kabla makisio hayajafungwa. Usiseme "vifaa vya kutosha". Sema jozi ngapi, za saizi zipi, kwa watu wangapi, kwa shilingi ngapi, fungu lipi. Sheria hiyo hiyo ya 2004 inamtaka mwajiri akipe chama kinachotambuliwa taarifa zinazohitajika kwa majadiliano. Kwa hiyo kuomba taarifa ya mapato na matumizi si ufidhuli. Ombeni kwa barua, na mtunze nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Mimi si mwanachama wa chama. Mkataba unanihusu?

Unakuhusu, ikiwa chama kimetambuliwa kuwa msemaji pekee wa wafanyakazi wa sehemu hiyo ya kazi, jambo ambalo linahitaji kiwe na zaidi ya nusu yao. Gambuti hazitagawiwa kwa kadi. Ila chama hicho kinaweza kukubaliana na mwajiri kwamba wasio wanachama nao wakatwe ada ya uwakala, na ada hiyo hairuhusiwi kuzidi ile ya mwanachama. Ukikutana nayo kwenye salari slipu yako usidhani umeibiwa, na pia haikufanyi mwanachama: huwezi kupiga kura ya tawi kwa hiyo.

Mimi ni kibarua, niko kwenye kikundi cha usafi. Je?

Pole, dada yangu, kwa sababu jibu lako ndilo refu.

Kama kikundi chako kimepewa zabuni na manispaa, basi kwa karatasi mwajiri wako ni kikundi, na mkataba wa manispaa haukufikii. Lakini karatasi si mwisho wa maneno. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, inasema mtu atachukuliwa kuwa mfanyakazi iwapo jambo mojawapo kati ya kadhaa lipo, mpaka upande wa pili uthibitishe vinginevyo. Miongoni mwake: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, masaa yake yanapangwa na mwingine, anapewa vifaa vya kazi, anamtegemea mtu huyo kwa kipato, au amemfanyia kazi kwa wastani wa masaa yasiyopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Jiulize basi: nani anakupangia barabara ya kufagia? Reki ni ya nani? Nani anakurudisha nyumbani ukichelewa?

Majibu ya maswali hayo yaandike, na tarehe zake. Nimeona mama mmoja aliyekuwa na daftari la shule la mwanawe, kurasa za nyuma amejaza kila siku aliyofagia, mtaa gani, nani alimsimamia. Halikuwa na mhuri wala sahihi. Wakati wa mazungumzo lilikuwa ndilo karatasi pekee mezani iliyotaja tarehe, na kila mtu akawa anaomba kuliona.

Mkataba mzuri wa hali bora unaweza pia kuwasaidia kwa mlango wa nyuma, kwa kuweka sharti kwamba manispaa haitampa mzabuni kazi ya usafi bila kuonyesha kwamba watu wake wana vifaa kinga na wanalipwa kwa wakati. Tawi lisilodai kipengele hicho linajidhuru lenyewe, maana ajira zinazopungua ndani ndizo zinazohamia huko nje.

Nilikuwa dereva wa greda wa manispaa, sasa niko TARURA.

Mwajiri amebadilika, kaka. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini ilianza kazi Julai 2017 na ikazichukua barabara zilizokuwa chini ya halmashauri. Mkataba wa manispaa haukukufuata kwenye greda. Vivyo hivyo wa TUWASA, ambao wana mamlaka yao ya maji. Tunasalimiana mtaroni, kila mmoja na mkataba wake.

Masaa ya ziada yanalipwaje? Nionyeshe kwa namba.

Sheria inaweka sakafu, mkataba unaweza kupanda juu yake lakini si kushuka. Masaa ya kawaida hayazidi 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Ya ziada hufanyika kwa makubaliano, na hayazidi 50 katika kipindi cha wiki nne. Malipo yake hayapungui mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa hiyo. Siku yako ya mapumziko ya wiki na sikukuu ni mara mbili. Kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, inaongezewa asilimia 5 kwa kila saa.

Chukua mwenye mshahara wa msingi wa 500,000 anayefanya masaa 45 kwa wiki. Mwezi una wiki 4.333, kwa hiyo masaa 195. Gawanya: saa moja ni kama shilingi 2,564. Saa ya ziada inakuwa 3,846. Saa ya sikukuu 5,128. Nyongeza ya usiku ni 128 tu kwa saa, ndiyo maana nasema kipengele cha usafiri wa usiku kina faida kuliko hiyo asilimia. Bodaboda moja ya saa tano usiku kutoka sokoni hadi Ipuli inameza nyongeza yote ya zamu na kubaki na njaa.

Sasa ugomvi wenyewe. Ugomvi hauko kwenye kiwango, uko kwenye daftari. Mvua ya Januari inapiga usiku, mitaro inaziba, msimamizi anapiga simu saa kumi alfajiri, watu sita wanatoka na sululu na machepe mpaka saa tatu. Hakuna aliyesaini popote. Mwisho wa mwezi utumishi wanauliza: walikuwa nani, waliitwa na nani, walianza saa ngapi? Kila mtu anaapa kwa Mungu wake, na kiapo hakiingizwi kwenye hati ya malipo. Dai kipengele kinachosema daftari la dharura litakaa kwenye gari lenyewe, na msimamizi asaini palepale mtaroni, hata kama kurasa zitachafuka. Kurasa zenye tope nimeona zikilipwa. Zisizokuwepo sijaona.

Na kwa hapa Tabora, ongezeni msimu wa maembe. Anayefikiri natania hajawahi kubeba taka za soko letu mwezi Desemba: kokwa, maganda, majani ya miembe iliyopandwa kando ya barabara tangu enzi za mababu, yote yameloa na kuvunda, kizimba kinajaa mara mbili kwa siku. Toroli la maembe halisukumwi na mtu mmoja. Kipengele cha kuongeza watu au zamu kwa miezi hiyo kinajadilika, na kina hoja ambayo diwani yeyote anainusa mwenyewe akipita.

Nimechomwa sindano nikikusanya taka. Nifanye nini?

Nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo, si kesho. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze mapema na kwa vyovyote ndani ya saa 72. Mweleze mhudumu kwamba ni ajali ya kazini. Kisha msimamizi aijaze kwenye kumbukumbu za ajali siku hiyo, na mwajiri aripoti kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa Sheria Na. 20 ya 2008. Michango ya mfuko huo inalipwa na mwajiri peke yake. Kama umekatwa wewe kwenye mshahara, njoo uniambie leo.

Vifaa kinga ni wajibu wa mwajiri chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003. Kazi ya mkataba ni kuutia wajibu huo idadi na tarehe. Glavu ya mpira mwembamba ya hospitali si glavu ya taka. Andikeni aina.

Likizo je?

Kwa haraka, maana hapa sheria iko wazi na ubishi ni mdogo: likizo ya mwaka siku 28. Ugonjwa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu. Uzazi siku 84, au 100 wakizaliwa zaidi ya mmoja. Kinachojadiliwa kwenye mkataba ni ratiba, ili wote wasiombe Desemba, na nauli ya likizo ilipwe kabla mtu hajasafiri. Nauli inayolipwa ukiwa umesharudi ni deni.

Mwajiri hatekelezi. Tuanzie wapi?

Anzeni na ngazi zilizoandikwa kwenye mkataba wenyewe: msimamizi, mkuu wa kitengo, ofisa utumishi, mkurugenzi. Kila ngazi kwa barua. Ikishindikana, mgogoro wa tafsiri au utekelezaji wa mkataba chama kinaupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa usuluhishi, na usipotatuliwa unaenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Migogoro isiyo ya kuachishwa kazi hupelekwa CMA ndani ya siku 60. Ya kuachishwa ni siku 30.

Lakini shika hili, kwa sababu limewagharimu wengi: wewe uliye mtumishi wa umma, ukifukuzwa au kuadhibiwa, njia yako kwanza ni ile ya Sheria ya Utumishi wa Umma, yaani rufaa ndani ya siku 45 kwenye mamlaka ya rufaa, ikiwemo Tume ya Utumishi wa Umma. Tangu sheria hiyo ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, huwezi kuiruka ukakimbilia CMA. Watu wameshinda pale mwanzoni, halafu wakapoteza kila kitu juu kwa sababu walipita mlango usio wao, na siku 45 zimeshaisha.

Tunaweza kugoma?

Mji huu unaujua mgomo. Ule wa 1947 ulianza bandarini Dar es Salaam ukasambaa bara kwa kufuata reli, na reli ndiyo hii yetu. Lakini sheria ya leo ina vizingiti vyake. Jambo ambalo tayari limo kwenye mkataba unaowafunga haligomewi. Linapelekwa kwenye usuluhishi. Huduma za maji na usafi wa mazingira zimetajwa kuwa huduma muhimu, na huko mgomo hauruhusiwi isipokuwa kuna makubaliano ya huduma za kima cha chini yaliyoidhinishwa na Kamati ya Huduma Muhimu. Mwajiri atalivuta neno "usafi" mpaka limfikie anayesukuma toroli. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kuweka reki chini kwa sababu ya ujumbe wa WhatsApp. Ongeeni na mwanasheria wa chama kwanza.

Baraza la Wafanyakazi si ndilo hilo hilo tawi?

Hapana. Baraza linakaa menejimenti na wafanyakazi pamoja, na lina asili yake kwenye agizo la Rais la mwaka 1970. Linajadili utendaji na bajeti. Tawi ni la wanachama peke yao. Msilidharau Baraza: makisio hupita pale, na mjumbe wetu akisinzia siku hiyo gambuti zimeshakwenda. Kuhusu tawi, mahali penye wanachama zaidi ya 100 sheria inaruhusu wawakilishi 15, na angalau 5 wawe wa kuwakilisha wanawake kama wapo. Kwenye usafi, ambako akina mama ndio wengi, watano naona ni wachache.

Naweza kujitoa kwenye makato ya chama?

Unaweza, kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja. Ulipoingia ulijaza fomu ya kuridhia makato. Kama hukuijaza, uliza ilikotoka sahihi yako.

Mkataba una muda gani, na nitauonea wapi?

Muda unaandikwa ndani yake. Usipoandikwa, upande wowote unaweza kuuvunja kwa notisi ya muda unaofaa, jambo ambalo sikushauri liachwe hewani. Wekeni miaka, na wekeni mwezi wa kuanza kujadili upya. Mimi ningeandika Septemba.

Kuhusu kuuona: si siri. Nakala moja ipo utumishi, nyingine kwa katibu wa tawi. Ya tatu tumeitoboa kona na kuitundika msumarini pale stoo, nyuma ya mlango, juu ya machepe. Ukurasa wa vifaa umeshikwa sana mpaka umelegea, basi ugeuze taratibu.